Mabango Thelathini ya Kuokoa Bahari

Jumatatu, 3 Machi
Hasira! Uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Bahari ni Jumamosi, na shemeji yangu naye amechukua fomu. Shemeji! Mwalimu mstaafu, anayeokota chupa ufukweni kila asubuhi bila hata kupigwa picha. Nani atahamasika kwa mtu asiyeonekana? Mimi nina duka la kuchapa mabango. Watu watahamasika, wapende wasipende.

Jumanne, 4 Machi
Nimechapa mabango thelathini, marefu kuliko mlango. BAHARI NI UHAI, USITUPE PLASTIKI. Chini yake uso wangu, ukiitazama bahari kwa huruma. Mke wangu ameuliza bango lenyewe ni la nini kama si plastiki. Nimemwambia hii ni plastiki ya kuelimisha. Ameguna. Kikulacho ki nguoni mwako. Si ni kaka yake yule?

Jumatano, 5 Machi
Nimesimika nguzo mwenyewe, karibu kabisa na maji, ili hata walio kwenye maboti wasome. Mgongo unaniuma. Shemeji amepita na gunia lake. Amesema, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba kesho ni bamvua, maji yatapanda mpaka ukutani, nisogeze nguzo. Wivu mtupu! Nimemjibu kwamba bahari inamjua anayeipigania. Akatikisa kichwa, akaokota vipande vya kamba nilivyodondosha. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Mungu ndiye aliyenizuia.

Alhamisi, 6 Machi
Mabango hayapo. Hata moja! Wezi! Nimezunguka mtaa mzima nikichungulia mapaa ya watu. Nimekwenda polisi. Askari ameuliza kama nimetazama baharini. Nikamuuliza ni mwizi gani anayeficha mali baharini. Askari naye ni wa upande wa shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Nahodha wa boti ya uvuvi ameingia dukani na uso wangu mkononi. Hauna pua. Ulijizungusha kwenye propela, injini ikazima, wakaelea nusu siku, barafu ikayeyuka, samaki wakaoza. Tena, amesema, walimkuta kasa amekabwa na kamba zangu. Walimkatia, akazama. Kama amepona hajui.

Kasa yule alinikaa rohoni mpaka chai ya saa kumi. Kisha hasira ikarudi. Nani alimtuma aingie kwenye kamba za kampeni?

Jumamosi, 8 Machi
Usafi kwanza, kura baadaye. Kamati ina utaratibu wa kijinga: magunia yanamwagwa, katibu anasoma kwa sauti kilichookotwa, aina moja moja, ndipo watu wapige kura. Chupa, mia mbili na kumi. Nyavu, nne. Kandambili, kumi na tisa, zote za kushoto. Kisha akasita, akanitazama, akasoma: mgombea, ishirini na sita.

Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Nyuso zangu zimelala mchangani, zote na huruma ileile. Shemeji pekee hakucheka. Amesema mabango matatu bado yako majini, tukayatafute kabla hayajamnasa kasa mwingine. Ndiyo kwanza wakamshangilia!

Shemeji kura mia moja na nne. Mimi moja. Nilimgeukia mke wangu kwa shukrani. Amesema nisimtazame, hiyo moja nimejipigia mwenyewe. Ni kweli.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amebisha hodi asubuhi, ameazima boti ya nahodha, anataka twende tukayatafute yale matatu. Nimemwambia nina kazi. Amekwenda na mke wangu.

Nimewaza sana, na kosa langu nalikiri kiume: plastiki ilikuwa nyepesi. Mashine inanguruma tangu saa mbili. Nitaiomba bahari radhi hadharani, wamwone mwenyekiti wa kweli. Mabango sitini, plastiki nene mara mbili. SAMAHANI KASA. Uso wangu, safari hii na machozi.

Na nguzo sitaki tena kuziona. Haya nitayafunga kwenye maboya, hukohuko kasa waliko.