Waasi wa Msimu wa Vinkubala

Ieleweke kwa raia wote, kutoka Likasi mpaka Kambove, kwamba vita ya Novemba ilikuwa vita halali, na habari zilizoianzisha zilihakikiwa na Kamati yenye mihuri miwili. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wake. Najua watu kwenye baa wanacheka. Wacheke.

Habari zenyewe zilitoka kwa Citoyen Komisere, mkubwa wetu wa zone, yaani wilaya. Aliarifu Kinshasa kwamba kila alfajiri makundi ya watu yanaingia porini na magunia matupu, na jioni magunia yanatoka yamejaa. Kwa hiyo waasi wapo. Wazee wetu walishasema, lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja.

Mchongezi atasema mvua zilikuwa zimeanza, na vinkubala, wale viwavi wa kula, vilikuwa vimejaa mitini. Ni kweli. Kamati ilijua, mimi mwenyewe nilikuwa nimekula sahani nzima asubuhi ile. Lakini neno vinkubala lingepunguza uzito wa taarifa, tukaliacha.

Kinshasa ikasadiki. Yakaja malori ya wanajeshi, na Kanali mmoja mpole mwenye miwani. Walipiga pori mizinga asubuhi nzima. Adui hakujitokeza, jambo lililothibitisha kwamba amefunzwa vizuri. Alikamatwa mtu mmoja tu juu ya mti, na gunia lake: Evariste, fundi wa kiwanda cha shaba, siku yake ya mapumziko. Evariste ni jina la ubatizo, na serikali imeyakataza majina hayo, lakini mke wake hamjui kwa jingine.

Evariste alisema anaokota vinkubala. Komisere akamweleza Kanali kwamba hilo ndilo jibu wanalofundishwa waasi wote. Isitoshe, mtu na mke wake hawamalizi gunia. Anayebeba gunia analisha jeshi, na anayelipokea ndiye mkubwa wa jeshi hilo. Tukaandika hivyo, tukagonga mihuri. Ijumaa Evariste angepakiwa kwenye lori, na huko wanakopelekwa watu wa namna hiyo, bado hatujamwona aliyerudi.

Alhamisi mke wake, Adrienne, akafika ofisini. Nilimwambia Kamati haipokei machozi. Hakuwa nayo. Alinipita kama kiti, akaenda kusimama mbele ya Kanali.

"Mon colonel, weye unakulaka vinkubala?"

"Mama yangu anavipika vizuri sana," Kanali akajibu bila aibu. "Najua gunia lilikuwa na nini, mama. Lakini nimetumwa vitani. Siwezi kurudi na malori matupu."

Adrienne akanigeukia. Akauliza kama ni kweli Kamati imeandika kwamba mwenye kupokea gunia ndiye mkubwa wa waasi. Nikathibitisha kwa fahari, maana sentensi ile niliitunga mimi.

"Basi minye naweza kukuonyesha mukubwa," akasema. "Ile gunia ilikuwa ya commande, ya kuagizwa. Bibi ya Komisere njo alituma, juu ya ndoa ya mutoto wao. Na haiko gunia moya. Uliza bamama ba soko, bote banapelekaka ku nyumba yake."

Kanali alivua miwani, akaifuta polepole. Tangu afike Likasi sikuwa nimemwona na furaha namna ile. Nyumbani kwa Komisere tulikuta magunia mpaka dari, chakula cha kikosi kizima kwa hesabu zetu wenyewe. Komisere akalia kwamba ni vinkubala tu, vya harusi. Kanali akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba hilo ndilo jibu wanalofundishwa waasi wote.

Ijumaa Evariste alirudi kiwandani. Lori likaondoka na Komisere, amekaa katikati ya ushahidi, na askari wakiutafuna.

Kinshasa waliuliza jambo moja tu: kama habari hizi za waasi ni za kuaminika. Nilijibu ndiyo, bila wasiwasi wowote. Tulizipata kwa Komisere mwenyewe.