Kiwashio Rasmi

Wananchi walitangaziwa kwa kipaza sauti, asubuhi na jioni, kutoka Malindi mpaka Ng'ambo, mjini Unguja, kwamba zama za kuwasha mkaa ovyo ovyo zimekwisha. Hakuna seredani itakayowashwa tena pale Forodhani mpaka Idara ya Mioto Midogo ichague kiwashio kimoja, rasmi, chenye hadhi. Wauza mishikaki waliombwa wawe watulivu. Wakawa watulivu, maana mchoma nyama asiyewasha jiko hana shughuli nyengine ya kumtoa utulivu.

Aliyeliandika tangazo hilo ni Bwana Mansour, Mwenyekiti wa Kamati ya Uchaguzi wa Kiwashio. Alizaliwa Uroa, akakulia ndani ya moshi wa makumbi ya nazi, lakini hilo alishajisamehe. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa kitupu tangu mwenyewe astaafu, na Mheshimiwa Waziri mwenye idara alimwambia kwa mdomo wake: "Nipe kiwashio, nikupe kiti." Tangu siku hiyo Bwana Mansour hanywi chai mpaka apite kwanza kwenye mlango wa ofisi ile, akitazame kile kiti, akifute vumbi kwa kitambaa chake.

Kamati ilifanya kazi, tena si mchezo. Ilikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa, wajumbe wamejikunyata ndani ya makoti kwa baridi, wanajadili moto. Makumbi yalikataliwa mwanzo kabisa: yana moshi, na watalii wanakohoa kila mmoja kwa lugha yake. Mafuta ya taa yananuka. Karatasi huruka huku zinawaka, na hiyo si adabu. Vile vidonge vyeupe vya Ulaya vilipendwa sana mpaka mjumbe mmoja alipotafuna kimoja akidhani kashata. Navyo vikaondolewa, kwa sababu za kiafya.

Bi Zeyana, msemaji wa wauza mishikaki, alikwenda ofisini mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Mwanangu, nyama yangu inaoza. Mie nnawasha kwa makumbi tangu sijaolewa, leo yana nini?"

"Makumbi hayajapitia mchakato, Bi Zeyana."

"Hayajapitia nini?"

"Mchakato."

"Haya basi, nipe huo huo mchakato nikawashie."

Bwana Mansour alimsikitikia sana mama yule kwa kutoelewa mambo, akampa maji ya chupa, akamfungulia mlango.

Ndipo ikatoka zabuni. Sentensi yake ilipigwa msasa mpaka ikateleza: Kinatakiwa kitu cha asili, kipatikanacho Unguja, chenye kuwasha upesi, kisicho na moshi wala harufu. Neno mkaa lilikuwemo mwanzo, likafutwa kwa kuwa lilikuwa linaichafua sentensi.

Akatokea mtu mmoja tu, mkulima wa Kizimkazi, jina lake Machano. Aliingia na kiroba kilichofungwa fundo juu ya fundo, kakining'iniza kwenye ncha ya mti, mwenyewe kajitenga nacho.

"Kinawasha?" akauliza Bwana Mansour.

"Loo! Hilo nalo la kuuliza?"

"Upesi?"

"Hata bismillahi huimalizi."

"Moshi?"

"Utoke wapi?"

"Na upepo ukivuma?"

"Hapo ndo balaa lenyewe. Kinawasha mtaa mzima."

"Hukaa muda gani?"

"Shemeji yangu kilimuwasha asubuhi mpaka magharibi. Mtu mzima yule, kalia machozi."

"Machozi ya furaha," akanong'ona mjumbe wa pembeni, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Moto wa kutwa nzima, nani asilie?

Mmoja akanyoosha mkono akifungue kile kiroba. Machano akaruka nyuma mpaka akagonga kabati. "Humu ndani? Nyie wazima kweli?"

"Mnaona?" akasema Bwana Mansour. "Mtu anayejali usalama." Kiroba kikapita bila kupingwa wala kufunguliwa.

Machano alipofika mlangoni akageuka. "Samahani, wakubwa. Kwani mnataka kumuwasha nani?"

"Forodhani nzima, Alkhamisi hii!" akajibu Bwana Mansour kwa fahari.

Machano akashuka ngazi mbio, simu sikioni, anamwambia dada yake Alkhamisi asikanyage Forodhani.

Alkhamisi ikafika. Baada ya laasiri zulia likatandikwa, beni likapiga, Mheshimiwa akapewa kipepeo cha ukindu chenye nembo. Bwana Mansour akakikata kiroba kwa mkasi, akamimina juu ya mkaa.

Yakatoka maganda ya kahawia, yenye manyoya laini. Mtoto wa Uroa hayasahau manyoya yale. Neno moja tu lingetosha, upupu, na kila mtu angekimbia. Lakini Mheshimiwa keshainua kipepeo, na kile kiti kiko kule ofisini, kinamsubiri. Bwana Mansour akasogea pembeni, akampisha.

Mheshimiwa akapepea. Upepo wa bahari ukamsaidia, ukayachukua manyoya yote ukayapeleka meza kuu.

"Inawasha!" akapiga ukelele Mheshimiwa.

Umati ukapiga makofi.

"Inawasha, jamani! Inawasha!"

Makofi yakazidi. Mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba kiongozi amezidiwa na hisia. Meza kuu nzima ikainuka, wanajikuna mabega, wanajikuna viuno, na beni, likidhani wanacheza, likaongeza kasi.

"Mansour! Hii nini?"

"Upupu, Mheshimiwa."

"Dawa yake?"

"Majivu, Mheshimiwa."

"Leteni majivu!"

Hakuna aliyeondoka. Bi Zeyana akasogea mbele, kanga begani. "Majivu yatoke wapi, Mheshimiwa? Tangu tangazo lenu seredani zetu tumezisugua zinang'aa."

"Washeni basi!"

"Kwa makumbi? Hayajapitia mchakato."

"Mansour! Yapitishe!"

Kamati ikakaa kikao pale pale, imesimama, inajikuna. Makumbi yakapita kwa kauli moja, na kauli yenyewe ilikuwa "Uwii!" Moshi ukapanda Forodhani nzima, watalii wakakohoa, na wauza mishikaki wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Majivu tayari?" akauliza Mheshimiwa, shati limemtoka kwenye suruali.

"Bado. Mkaa ukolee kwanza, kisha nnachoma nyama, moto mzuri huu siuachi bure. Majivu baadaye. Foleni inaanzia kule, baba."

Mheshimiwa akaenda kupanga foleni. Bwana Mansour akamfuata, akakohoa kwa heshima.

"Mheshimiwa, kiwashio si kimewasha? Na lile suala letu..."

"Kiti?"

"Naam, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akamuonesha kiti alichokuwa amekalia meza kuu, kile kikubwa cha mto mwekundu, manyoya ya kahawia yamejaa tele.

"Kile pale. Nenda kakae."

Bwana Mansour akenda, akakaa.