Zamu za Zabibu, Ruhusa kwa Wote

Jumatatu, 3 Machi 2003
“Ukifungasha programu bila kuhifadhi ruhusa za faili, ikifika haitawaka.” Yasinta huyo, mfanyakazi mwenzangu, mbele ya ofisi nzima! Hoja dhaifu. Vibali vya kusafirisha bidhaa tulishavizika tangu soko huria. Faili lina nini? Nimeijaza disketi kwa njia yangu, nikaipeleka chama cha wakulima wa zabibu Nzuguni. Programu ya kupanga zamu za mizani. Alhamisi lori la mnunuzi linakuja. Zabibu zikichelewa juani, mnunuzi hazigusi.

Haikuwaka. Kompyuta yao, ya mfumo wa Linux, ikadai sina ruhusa. Mimi, niliyeiandika! Nikamwambia mwenyekiti, Mzee Mazengo, kwamba mashine imechoshwa na joto. Akaifungulia dirisha.

Jumanne, 4 Machi
Yasinta kasema, kaka, fungasha kwa programu iitwayo tar, inabeba faili na ruhusa zake. Karani aandike, wengine wasome tu. Wasome tu! Ukiritimba mtupu. Nimetumia tar, kimyakimya. Ila kwanza nikatoa ruhusa zote kwa wote: kusoma, kuandika, kuendesha.

Jumatano, 5 Machi
Imewaka! Ruhusa zimefika zote, hata moja haikudondoka njiani. Mzee Mazengo kanipa kikapu cha zabibu. Yasinta hapati hata punje.

Kapata nusu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kila aliyepiga hodi kukagua zamu yake alikaribishwa kiti, na kiti ni kimoja, mbele ya kompyuta. Wakulima thelathini na wanane, wote wamejiandika namba moja! Mama Evarista kaniapia: “Mwanangu, sijamwondoa mtu. Nimejisogeza tu.” Nje, kreti zinachemka, watu wanasukumana mizanini, dereva wa lori kawasha injini.

Yasinta kaja kwa baiskeli. Karudisha orodha ya kwanza, kuandika kamwachia karani peke yake, kafungasha upya. Dakika ishirini! Lori limeondoka limejaa. Hakunicheka. Kanipa maji, kasema pole kaka. Inauma zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetafakari. Ruhusa kwa wote haikushindwa; ilikatizwa! Wangeachwa siku tatu, wangechoka wenyewe kujisogeza. Waraka uko tayari, kurasa sita. Makarani wa vyama vya Ihumwa na Msalato, msimsikilize Yasinta. Fungueni mafaili yote, kwa watu wote, kabla ya Jumatatu!