Trei Nne za Ngano Dirishani

Jumamosi, 2 Machi

Vita vimeanza! Mama mkwe, aliyehamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe, atatamka Jumapili ya wiki ijayo: abaki hapa au aende kwa mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mwanyumba ana duka la dawa. Moyoni namwita Bwana Vidonge. Ana gari, ana nyumba yenye bustani, ana kila kitu ila hoja.

Mke wangu hajasema anataka nini. Hana haja. Kitambaa alichojiwekea kushona gauni ameshakikata pazia la chumba cha mama.

Silaha yangu: majani ya ngano. Nimesoma vitabu vitatu. Yanakamuliwa juisi, yanasukutuliwa, yanapakwa usoni, yanakanda miguu iliyovimba, na makapi yake hurutubisha udongo. Hata paka akivurugikiwa na tumbo hutafuta nyasi bila kuandikiwa na daktari. Bwana Vidonge na amjibu paka!

Nimeloweka ngano kwenye sufuria kubwa. Mke wangu kauliza sasa yeye apikie kwenye kofia yangu? Swali la mtu asiyeona mbali.

Jumatatu, 4 Machi

Nimetandaza punje kwenye trei nne zenye udongo, nikazifunika kwa gazeti lililoloa. Ni gazeti lenye makala yangu ya zamani, kabla mhariri hajanitimua kwa kile alichokiita kelele. Mke wangu kasema hatimaye maandishi yangu yataotesha kitu. Nimeyameza maneno hayo.

Trei ziko dirishani chumbani kwa mama, maana jua zuri la nyumba hii huingia huko tu. Sikuomba ruhusa. Mapinduzi hayabishi hodi. Mama, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, akauliza mbona kunanukia shamba lililonyeshewa. Nikampa hotuba fupi. Nilipofika kwenye umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, alikuwa anakoroma. Simlaumu. Sauti yangu hutuliza watu.

Jumatano, 6 Machi

Zimeota! Na jambo la ajabu: mama kaamka kabla yetu sote, kaomba kikombe, kapapasa ukuta mpaka dirishani, kamwagilia trei zote mwenyewe. Kisha kala sahani mbili. Mke wangu kanivuta kando, macho yanamng'aa. Anasema hajamsikia mama yake akiimba kwa pua tangu msiba, na leo kaimba.

Nimeandika ubaoni: MAJANI YA NGANO YANAPONYA HATA KWA HARUFU.

Mchana nimeanza makala kali kuhusu wazee. Nanukuu, maana ni nzuri: "Mama aliyelea watoto wanane na kulima maisha yake yote, ukimnyang'anya ufagio, ukamketisha kitini na kumwambia pumzika, pumzika, pumzika, hujamheshimu. Umemzika na pumzi zake." Niliisoma tena na tena sentensi hiyo. Ina ukweli unaouma. Sijui nimeutoa wapi. Mama akapita na kikombe chake, nikamwomba asinikatishe mawazo.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Vidonge kaja na chupa ya vitamini yenye utepe. Utepe! Kaziinamia trei, kauliza mbuzi wanaletwa lini. Nikamjibu mbuzi hawajawahi kumtajirisha muuza dawa. Akasema mimi ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Nikasema heri redio kuliko kasha la vidonge lenye miguu. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Muda wote huo mama alikuwa anapitisha kiganja juu ya majani, kwenda na kurudi, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Mwishowe akacheka, akasema: nyie wanaume, mbona haya yanaota kimya? Kijembe kikali sana kwa Bwana Vidonge. Alistahili.

Jioni mke wangu, pini mdomoni, akaniambia polepole: mwache mama na majani yake. Atabaki, namjua mama yangu. Wewe baba, nakuomba, usifanye chochote.

Nimelitafakari sana neno hilo. "Usifanye chochote." Ndivyo walivyosema waoga wa kila zama.

Jumapili, 10 Machi

Mama alipoingia kuoga nikachukua mkasi. Trei zote nne, mpaka kwenye udongo. Nusu trei ingetosha kuonja, lakini mtu hashindi kwa nusu. Blenda ikatoa moshi, nikamalizia kwa kinu. Nikakamua kwa kitambaa safi. Zikapatikana glasi mbili za kijani, nzuri kama zumaridi.

Bwana Vidonge na mkewe walipofika, wakakaa sebuleni na mke wangu. Nikasoma makala yangu. Nilipofika "umemzika na pumzi zake" hata Bwana Vidonge aliinamisha kichwa. Dada wa mke wangu akafuta machozi. Ushindi!

Ndipo mama akatoka chumbani kwake, kikombe cha maji mkononi. Alikuwa ameshazipapasa trei dirishani. Akauliza nani kayakata. Nikasimama. Nikasema ni mimi, mama, na hayajapotea, yako yote ndani ya glasi hizi mbili.

Akazipokea moja baada ya nyingine kwa mikono miwili. Akazinywa zote. Akasema asante, mwanangu. Kisha akamgeukia Bwana Vidonge, akauliza kama kwenye ile bustani yake kuna kona ambayo haina mwenyewe. Yule bwana, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaacha kejeli. Akasema, chagua yoyote mama, hakuna atakayeigusa.

Mama akasema basi atakwenda huko.

Mke wangu akaingia jikoni. Maji ya bomba yalimwagika muda mrefu, ingawa vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Ni uchovu wa ugeni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejihoji bila huruma, kama anavyopaswa mtu mkweli. Kosa langu nimeliona: glasi zilikuwa mbili. Angekunywa glasi nne asingeondoka. Kumbe tatizo ni uhaba wa mazao. Nahitaji trei kumi na mbili.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama, mikono mapajani, hashoni, hafanyi lolote. Nikamwambia kwa upole kwamba kwa kuwa chumba kimebaki kitupu na jua lake ni zuri, mimi na ngano tungekitumia.

Hakunijibu. Nikamshukuru kwa kukubali, nikamwomba ainuke kidogo nipime kitanda kama kitapita mlangoni.