Mistari Myeupe ya Kiwanja cha Karatu

Jumatatu, 2 Septemba 1963

Naapa kuandika yote katika daftari hili, ya sifa na ya aibu, bila kuficha na bila kuongeza chumvi.

Leo asubuhi Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba mashindano ya mpira ya shule za kati yatachezwa Jumamosi ya tarehe 14, ama hapa kwetu Karatu, ama Mbulumbulu. Bwana Mkaguzi atatoka Mbulu Ijumaa hii kuvitazama viwanja vyote viwili. Kitakachompendeza ndicho kitakachopewa heshima.

Wavulana wakashangilia. Wapumbavu! Mpira wao haunihusu. Linalonihusu ni hili: shule mwenyeji ndiyo inayosoma risala, na mgeni rasmi ni Sista Mkuu wa sekondari ya wasichana. Yeye ndiye anayekaa na orodha ya watakaoingia kidato cha kwanza. Mimi niko darasa la nane, la mwisho. Baba amekwisha sema: nisipochaguliwa, jembe langu liko nyuma ya mlango.

Risala ya shule yetu nimepewa mimi, Evarista, kwa sababu ya sauti na mwandiko. Kurasa nne. Ya Mbulumbulu amepewa Bernadina, binti ya shangazi yangu, ambaye husoma kama mtu anayemeza kiazi cha moto.

Basi kiwanja lazima kishinde. Jioni nimekwenda kukitazama. Afadhali nisingekwenda.

Kimeinama kuelekea korongoni. Mpira ukiuweka katikati hauhitaji mchezaji, unakwenda wenyewe. Fuko wamefukua vifusi arobaini na saba, nimevihesabu. Mlingoti mmoja wa goli la juu umeliwa na mchwa, umebaki umesimama kwa mazoea tu. Nyasi ziko kwenye kona, pasipohitajika. Na njia ya mnadani inakata katikati. Akina mama wa Kansay wenye vikapu hawamsubiri refa. Refa ndiye anayewasubiri.

Wilibrodi, kapteni wa timu, akaniambia kwamba mteremko ni mbinu yetu ya ushindi. Nikamwuliza: kipindi cha pili, timu zikibadilishana magoli, mbinu hiyo inakwenda wapi? Akafikiri. Nilipoondoka alikuwa bado anafikiri.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeunda Kamati ya Kiwanja. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Mwalimu Raphaeli wa michezo alikubali bila kuinua macho kwenye gazeti lake, akanipa wavulana kumi na wawili na majembe manane.

Wakasawazisha vifusi vyote. Wilibrodi akamwaga maji kwenye mashimo ili fuko wahame. Wamehama kweli. Wamehamia goli la chini. Jioni nimehesabu vifusi hamsini na viwili.

Kuhusu njia, nilisimamisha ubao: HAIRUHUSIWI KUPITA. Mama mmoja wa Kansay akatua kikapu chake, akaniuliza mwanangu umeandika nini hapo. Nikamsomea. Akanisifu mwandiko, akanibariki mimi na wazazi wangu, akajitwisha kikapu, akapita.

Wavulana wameanza kuniita Mama Kiwanja. Nimewaandika majina.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepata wazo! Mkaguzi ni mtu, na mtu hutazama kinachong'aa. Ukuta ukipakwa chokaa, nani huuliza matofali? Nikichora mistari myeupe, minyoofu, kama ya vitabuni, mteremko nani atauona?

Nilikwenda mbio dukani kwa Mzee Haji. Shikamoo, marahaba, chokaa hakuna. Imekwenda yote kwenye jengo jipya la kanisa. Akasema ni nyinyi wenyewe Wakristo mmeimaliza, binti yangu, usinitazame hivyo.

Nyuma ya duka nikamkuta Lembris. Huyu ni kijana wa Engaresero anayeleta magadi kwa punda, kasoma hadi darasa la tatu. Gunia moja lilikuwa limepasuka. Magadi meupe! Meupe kuliko chokaa, laini, yanang'aa juani. Nikamwambia nayataka ya kuchorea kiwanja cha mpira.

Lembris akanitazama sana. Akaniuliza: "Dada, hiyo mechi ni ya wavulana au ya ng'ombe?" Mzee Haji akacheka mpaka akakohoa, akalazimika kuketi juu ya mzani.

Nikawaeleza kwa upole kwamba magadi ni ya kulainisha maharage, kwamba ng'ombe wa Karatu wanakula majani, na kwamba mambo ya mpira mtu hajifunzi akiwa nyuma ya punda.  Lembris akaniinulia gunia mpaka begani na kunitakia mchezo mwema. Nimempa madebe mawili ya maharage kutoka ghalani kwa mama. Mama atafurahi akijua ni kwa maendeleo.

Alhamisi, 5 Septemba

Ushindi! Kutwa nzima kwa kamba na vigingi. Mistari ya pembeni, ya katikati, maboksi mawili ya penalti. Duara nimelichora mwenyewe. Wilibrodi nilimpa kazi ya kushika kigingi, na hata hicho alikishika kombo.

Mwalimu Raphaeli aliinua macho kwenye gazeti, mara ya kwanza muhula huu. Akasema, "Evarista, sasa hiki ni kiwanja." Wilibrodi alikizunguka mara mbili bila kukanyaga mstari, na kwa Wilibrodi hiyo ni hotuba.

Jioni nilimsomea risala ng'ombe wetu Doa wakati wa kukamua, kurasa zote nne. Alisikiliza vizuri kuliko darasa zima. Alinilamba mikono mpaka viwiko. Kumbe hata mnyama hutambua Kiswahili fasaha.

Ijumaa, 6 Septemba

Mistari haipo.

Nilifika kabla ya kengele nikakuta ng'ombe wapatao sitini. Walijipanga vizuri kuliko wanafunzi. Kundi moja mstari wa kushoto, kundi la pili mstari wa kulia, wanakwenda vichwa chini, hatua kwa hatua, hawaachi hata chembe. Katikati alikuwa Doa wetu. Alikuwa analamba duara, polepole, bila kukosea mviringo.

Wilibrodi alikuwa amekaa juu ya kifusi. Akaniambia Mama Kiwanja, tumempata refa.

Nikamwamuru Mzee Martini, mchunga ng'ombe, awaondoe. Akakataa kabisa. Akasema mwanangu, ng'ombe hawa hawajaonja chumvi tangu masika, na aliyetandika chakula hampigi mgeni.

Nililia, lakini kwa hasira. Kisha Mungu akakumbuka waliosoma: dereva wa lori la ngano alileta habari kwamba gari la Bwana Mkaguzi limeharibika njiani, atakuja kesho.

Mwalimu Raphaeli akashauri safari hii tutumie majivu, kama wafanyavyo Mbulumbulu. Majivu! Majivu ni ya kutupa nyuma ya jiko. Nikamwambia kwa heshima kwamba kosa halikuwa la magadi, kosa lilikuwa la kukosa ua. Akarudi kwenye gazeti.

Tumekata miiba na kuzungusha kiwanja chote. Magadi yaliyobaki nimeyamwaga yote, unene wa vidole vinne, ili yaonekane hata kutoka barabarani. Mikono yangu inavuja damu. Ng'ombe hapiti miiba. Sina wasiwasi.

Jumamosi, 7 Septemba

Ng'ombe hakupita miiba. Hapo nilisema kweli.

Wamepita tembo.

Wameshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, Mzee Martini anasema saba, Wilibrodi anasema ishirini, lakini Wilibrodi hajawahi kupata hesabu. Miiba wameikanyaga kama mkeka. Magadi wameyamaliza. Kisha, kwa kuwa udongo wa chini ulikuwa umekolea, wameuchimba kwa pembe wakaula na wenyewe. Boksi la penalti la juu sasa ni shimo. Kina chake kinamfikia Wilibrodi kifuani, najua kwa sababu aliruka ndani na kupiga kelele za "Penalti!" mpaka shule nzima ikamzunguka. Mlingoti ulioliwa na mchwa hatimaye umeacha mazoea yake. Na katikati ya duara kuna marundo matatu ya mavi ya tembo. Ndizo nyasi za kwanza kuonekana mahali pale tangu Uhuru.

Saa nne Bwana Mkaguzi akafika, suti ya kijivu, futi ya kupimia mkononi. Akalizunguka lile shimo, akayazunguka na marundo. Kisha akamwuliza Mwalimu Raphaeli kwa adabu ni mchezo gani unaochezwa hapa.

Mwalimu akaninyooshea gazeti lake.

Nilieleza kila kitu, tangu chokaa ya kanisa. Nikaona haelewi, nikajitolea kumsomea risala. Akasema asante sana binti, safari yake bado ndefu. Akapima kina cha shimo, sijui kwa nini, akaandika, akaondoka kwenda Mbulumbulu.

Saa kumi habari ikafika. Mbulumbulu imepita. Kiwanja tambarare, nyasi za kutosha, mistari ya majivu.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani padre alichagua kuhubiri habari za chumvi. Benchi zote tatu za mbele ziligeuka kunitazama. Nilitazama dari.

Nyumbani mama aliniuliza maharage yako wapi. Nikasema maendeleo. Hakufurahi.

 Baba alilitoa jembe nyuma ya mlango, akaliegemeza mbele ya mlango. Usiku kucha sikugeuka upande ule.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeitwa Mama Tembo mara thelathini na moja. Sikwenda kwenye mazoezi. Kurasa zangu nne nimezifungia sandukuni. Sina la kuandika. Nadhani sekondari inaendelea vizuri bila mimi.

Jumanne, 10 Septemba

Ajabu! Lori la ngano limeniletea barua ya Bernadina.

Anasema, dada Evarista, mimi siwezi. Nikiona watu wengi koo hufunga, mwaka jana mbele ya wazazi nilianguka. Mwalimu wangu amekwisha zungumza na Mwalimu Raphaeli, wote wamekubali: uje usome wewe, kwa niaba ya shule zote mbili, risala yako mwenyewe, mbele ya Sista. Tangu utotoni wewe ndiye msomaji wetu. Njoo Ijumaa ulale kwetu, mama atachinja kuku.

Nilisoma mara tatu nikitafuta mtego. Hakuna. Machozi yalinitoka kidogo, kwa sababu ya vumbi.

Nilimwonyesha baba. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akalichukua lile jembe, akalirudisha nyuma ya mlango, akatoka nje kukohoa.

Basi kila kitu ni shwari. Kazi yangu ni kusimama na kusoma tu.

Lakini nilikuwa sijamaliza barua. Nyuma ya karatasi Bernadina ameongeza kwamba kiwanja kiko tayari, wamekwisha chora mistari ya majivu, na imetulia vizuri.

Majivu! Sista Mkuu anione mimi, Evarista, nasoma kurasa nne za Kiswahili safi, na chini ya miguu yangu mistari kama ya banda la kuku? Haiwezekani. Mgeni kama yule hutazama chini kwanza.

Nimefikiri kwa makini, kama tulivyofundishwa. Kosa la wiki iliyopita halikuwa la magadi. Lilikuwa la Karatu. Ng'ombe wa Mbulumbulu wanakula mabua ya ngano, hawana njaa ya kulamba ovyo. Msitu uko hatua mia tatu tu kutoka golini kwao, hilo nimelisikia, lakini tembo ni wale wale, na wale wamekwisha shiba kwetu.

Mzee Haji anasema Lembris bado yuko Ngorongoro na mizigo aliyobakiza. Nimemwandikia, na hii ndiyo nakala, kwa kuwa niliapa kuandika yote:

"Kaka Lembris, salaam. Mimi ni yule dada wa kiwanja. Nakuomba magunia mawili ya magadi, yale meupe kabisa. Yashushwe uwanjani Mbulumbulu, si Karatu. Usimwambie mtu yeyote, hasa binti anayeitwa Bernadina, maana nataka iwe zawadi. Maharage yapo, mama ameyahamisha lakini nimeona alikoyaweka. Usicheke kama siku ile, jambo hili ni la maisha yangu. Nijibu kwa huyu huyu aliyekuletea barua, asirudi mikono mitupu: je, punda wako watafika Ijumaa kabla jua halijazama, ili niwahi kuchora?"