Dawa ya Kumwamsha Bihogo

Jumatatu, 2 Oktoba

Mvua. Zizi zima tope. Nimekata matete tangu alfajiri, nikayapandisha kichwani mpaka Gasenyi, shingo imeingia ndani ya mabega kama ya kobe. Bihogo akanusa, akageuza uso. Ng'ombe mwenye maringo namna hii, na ndama bado hajanipa!

Niandike wazi nisijidanganye. Mama Daphrose, mwenye zizi, aliniahidi mbele ya watu: ndama wa kwanza wa Bihogo ni wa Anselme, kwa kuwa Anselme amemtunza vizuri. Ndivyo wanavyomshukuru mchungaji huku. Kwangu ndama huyo si nyama wala maziwa. Ni Nsimire. Baba yake kule Walungu amemrudisha nyumbani na mtoto wetu Chance, akasema hawatoki uani mwake mpaka ng'ombe aingie. Nilimuoa kwa ahadi. Ahadi haina kwato.

Leo nimemuuliza Mama kwa nini Bihogo haingii joto. Tangu nirudi kutoka matanga ya kaka yangu, mwezi wa sita, sijamwona akimpanda mwenzake Gaju wala kulialia. Mama akatabasamu, akaniambia nivumilie. Kuvumilia! Wenye ng'ombe ni hodari wa kuwahubiria wasio nao.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekutana na Audace bombani. Anachunga zizi la jirani. Nilipokwenda matanga ndiye aliyewashika ng'ombe wetu, na tangu hapo anatembea kama mtu aliyewazaa. Kwanza akavicheka viatu vyangu vya mvua, kimoja cheusi kimoja cha kijani. Halafu akasogea karibu, akaniita kwa kabila langu kama kawaida yake.

“We Mushi, mbele ya kumugusa Bihogo, uniulize miye kwanza.”

Nimuulize yeye! Nilimjibu kwamba nilichunga ng'ombe yeye akiwa bado anafutwa kamasi. Si kweli. Wakati huo nilikuwa nabeba mchanga Bukavu. Lakini lilitoka vizuri, na wanawake waliokuwa na ndoo walicheka. Akataka kuongeza neno. Nikachukua maji yangu nikaondoka.

Jioni Nsimire alipiga simu. Baba yake anapokea wageni wasioeleweka, watu wenye ng'ombe wanaokuja kusalimia na kukaa sana. “Baba Chance, fanya mbio,” akasema.

Jumatano, 4 Oktoba

Buyenzi. Kwa Faridi, mbele vipuri vya magari, nyuma dawa za mifugo. Nimemweleza shida yangu kama mtu anayeungama. Akatoa kichupa kidogo. Akasema ng'ombe ana kitu tumboni kinachomzuia kuingia joto, na mwili wake una maji ya kukiyeyusha. Dawa hii ni maji yale yale, ila yametengenezwa na watu kiwandani. Sindano moja, siku chache, joto. Wenye mazizi makubwa huwachoma ng'ombe wote, wakaingia joto pamoja, daktari akaja mara moja tu kuwatia mbegu za dume. Ajabu! Miaka yote nimekuwa nikimsubiri Bihogo apende mwenyewe.

Faridi akauliza kama hana mimba. Akiwa nayo, ataitupa. Nikasema yuko mtupu kama ngoma. Akauliza daktari amempima kwa mkono? Nikamwambia kati ya kitanda changu na huyo ng'ombe kuna mbao tu, daktari atajua nini zaidi yangu. Akanitazama sana. Akaniambia ninawe mikono vizuri, mwanamke mjamzito asiiguse kabisa. Nikamwachia redio yangu, nikapewa kichupa na sindano.

Mama alikuwa amepeleka maziwa Kiriri. Nikamchoma Bihogo pajani, kama nilivyomwona Daktari Claude akifanya. Akanipiga teke, matone yakaniingia kwenye kidole chenye kidonda. Nimenawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa sabuni tena. Mpaka sasa najipapasa kifua, nisije nikaota matiti. Hakuna kitu. Ila nimemuonea Gaju huruma bila sababu, na hiyo si kawaida yangu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Bihogo hatulii! Anazunguka, anainua mkia, hataki majani. Joto limekuja! Dawa kweli dawa.

Nimekwenda mwenyewe kwa Daktari Claude, nikamwambia alete mbegu kesho. Akashangaa, akasema Mama hajamwambia kitu. Nikasema Mama ana mambo mengi.

Halafu nikampigia Nsimire, nikamwambia amwambie baba yake akate miti ya boma. Alicheka. Miezi mingi sijamsikia akicheka. Nikasikia mzee akiuliza kwa sauti, boma la ng'ombe mkubwa kiasi gani.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sijui niandikeje.

Asubuhi nilikuta kitu kwenye majani nyuma ya Bihogo. Nilidhani ni paka aliyelowa. Kilikuwa na kwato. Laini kabisa, kama nta. Bihogo alikuwa anakilamba.

Daktari Claude alifika na chombo chake cha mbegu, akakirudisha garini bila kukifungua. Akasema mimba ya miezi minne hivi. Jike. Akataja ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, akachukua damu. Nikamshikia kamba ili aitoe vizuri.

Mama Daphrose aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema nilipokuwa matangani Bihogo alipata joto, naye Mama akamtuma Audace ampeleke kwa dume wa padri. Kwao mimba ya ng'ombe haitajwi mpaka tumbo lijiseme lenyewe, maana kuna midomo inayoharibu. Alitaka nishtuke siku moja kwa furaha. Kisha akanishika mkono, mkono ule ule.

“Mwanangu, ilikuwa ng'ombe yako.”

Nilikichimbia shimo mimi, nyuma ya mgomba. Nilichimba kirefu kuliko ilivyohitajika. Sikutaka kumaliza, kwa sababu baada ya hapo ningerudi kumtazama Bihogo.

Jumatatu, 9 Oktoba

Audace alikuja. Alikuwa amekiokota kichupa kwenye mfereji nilikokitupa. Nilingojea apige kelele mtaa mzima usikie. Akakitupa chooni mbele ya macho yangu, akafuta mikono kwa majani.

“Nilitaka kukuambia. Ulipenda kuchekesha wamama.”

Akaenda zake. Hata viatu vyangu hakuvitazama. Heri angevicheka.

Sijamwambia Nsimire. Amesema baba yake ameshasimamisha miti ya boma, imenyooka, na wageni wameanza kupungua. Nikasema vizuri. Nikasema mtandao mbaya. Nikazima.

Alhamisi, 12 Oktoba

Damu ya Bihogo ni safi, hana ugonjwa. Daktari Claude alikuja kusema hivyo, akavaa glavu ndefu, akamwingizia mkono Gaju. Nilikuwa mbali, nimebeba ndoo za maji. Nikamwona akimnong'oneza Mama. Mama akaweka kidole mdomoni, akanitazama, akatazama pembeni.

Nimeelewa. Gaju ni tasa. Maskini Mama, anaficha aibu asinivunje moyo zaidi. Ndiyo maana jioni alinijia na bakuli la maziwa, akasema atakayezaliwa na Gaju ni wangu, ahadi ni ile ile. Nivumilie tu. Akatabasamu kwa shida, kama anayemfariji mgonjwa.

Nimelia kidogo nikiwa na maziwa mdomoni. Mama huyu hastahili hasara mbili. Nilichokiharibu lazima nikitengeneze, kwa mikono yangu, na yeye asijue mpaka afurahi.

Jumapili, 15 Oktoba

Wengine misa, mimi Buyenzi. Faridi hakutaka. Akauliza maswali yale yale, nikampa majibu yale yale, ila kwa sauti ya mtu aliyepata somo. Mwishoni alikubali kupokea saa yangu ya mkono. Safari hii ni dozi mbili, maana Gaju ana mwili. Ng'ombe tasa anahitaji kusukumwa. Mama akirudi misani atakuta kazi imekwisha, na siku moja tutalicheka jambo hili sote pamoja, na Nsimire akiwepo.

Nimemkuta Audace ananingoja langoni. Akasema ana neno juu ya Gaju, tena la haraka.

Nimemwambia aje kesho. Leo sina nafasi.