Kreveti Ambao Hawakufika Nguba

Nguba, Bukavu, tarehe 14 Mei

Kwa Madame Carine, Mratibu wa Mradi wa Burudani Bora ya Ziwa

Madame Mratibu,

Nawasalimu kwa heshima zote za mtu aliyekaa siku tatu kwenye viti vyenu laini. Mimi ni Ignace Nshokano, inspekta wa shule aliyestaafu, mshiriki namba kumi na saba katika semina yenu ya kuchagua na kutumia mitego ya kuvua kreveti, wale kamba wa majini, kwa kujifurahisha. Cheti changu kiko sebuleni, juu ya televisheni. Ninayo malalamiko, na ili yasiwachoshe nimeyawekea namba.

1. Kuhusu mtego. Bwana Bruno, mtaalamu mliyemleta kwa ndege, alifundisha vizuri sana. Alituonyesha kwa projekta mtego wa duara na wa mstatili, wa mlango mmoja na wa milango miwili. Alisema matundu ya wavu yawe madogo, na mlango uwe mpana nje, mwembamba ndani, ili kreveti akishaingia asikumbuke alikopitia. Tuliandika yote.

Siku ya kwanza, jirani yangu Maman Agathe alisimama mlangoni kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Ni mjane, anasuka migono ya matete na kuitega ufukweni kwetu kila siku, na hicho ndicho chakula chake. Aliuliza hapo hapo aliposimama: "Papa mutaalamu, hizo kreveti, ulishaona ata moya mu hii ziwa?" Bwana Bruno akamjibu kwa upole kwamba maswali ni siku ya tatu. Siku ya tatu tulipiga picha.

2. Kuhusu chambo. Tuliambiwa tutumie chakula cha paka cha kopo. Madame, paka wa Nguba hawajawahi kuona kopo. Wanakula panya, tena wa kujitafutia. Bwana Bruno akaturuhusu samaki. Basi kila Jumamosi nilinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, sokoni, nikazifunga kwenye kitambaa, nikaziweka mtegoni, nikauzamisha mtego. Mke wangu Madeleine alivumilia majuma matatu. La nne akasema: "Papa, benzako banatoa samaki mu ziwa banapeleka ku soko. Weye unatoa samaki ku soko unarudisha mu ziwa. Ni masomo gani hiyo?" Nilimwonyesha cheti. Akarudi jikoni bila kukisoma.

3. Kuhusu kreveti wenyewe. Hawakuja. Nilitega majuma kumi na moja, penye mawe, penye majani, penye kivuli, kama daftari linavyosema. Nilipata ndara moja ya mguu wa kushoto, na chupa za plastiki ambazo, kama zingekuwa kreveti, zingelisha jimbo zima. Siwalaumu kreveti, kwani hakuna aliyewapelekea mwaliko. Napendekeza semina ijayo waitwe wao, sisi tubaki nyumbani.

4. Kuhusu picha. Wageni wenu wa tathmini walipokaribia, mfanyakazi wenu alinipigia simu: "Papa Ignace, mutego usikutwe butupu." Hapa naandika kwa aibu. Nilikwenda kwa Maman Agathe nikaazima kaa tisa waliokuwa kwenye beseni lake, kwa nusu saa tu. Alinipa bila kuuliza ni wa nini. Tukawamwaga mtegoni, nikapigwa picha nikicheka. Mgeni mmoja akaandika: "Kreveti, ukubwa wa kuridhisha." Maman Agathe akasogea. "Hapana, papa, hii ni kaa. Angalia, iko na makucha." Mgeni akamshukuru kwa mchango wake, akasahihisha: "Kreveti wenye makucha." Kisha kaa wakapikwa kwa pilipili, wakaliwa na ujumbe wote. Mimi nilikula mmoja. Beseni nililirudisha nikiwa nimeliosha.

5. Kuhusu uzio. Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Kwa kuwa ripoti ilisema ufukwe wetu umejaa kreveti, mlileta mabati, mlinzi na kibao: UVUVI WA BURUDANI TU, WENYE CHETI PEKEE. Tangu hapo Maman Agathe anafukuzwa kila asubuhi kutoka mahali alipovua kwa miaka thelathini. Mlinzi amemweleza kosa lake vizuri: yeye anavua ili ale, na hiyo si burudani. Ndani ya uzio tuko washiriki ishirini wenye mitego ya kisasa, na hatupati kitu. Nje ya uzio yuko mtu mmoja anayejua kuvua.

Juzi alipita mbele ya nyumba yangu na mgono wake mkavu kichwani. Alinisalimu: "Jambo, mutaalamu." Hakuwa anacheka. Niliingia ndani nikatafuta kalamu na karatasi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kati ya mawili. Ama muondoe uzio kabla ya Jumapili, ama mumpe Maman Agathe semina yake mwenyewe, siku tatu pamoja na mapumziko ya kahawa, afundishwe namna ya kuifurahia njaa. Akifaulu apewe cheti. Mkishindwa yote mawili, nitakuja ofisini kwenu mchana, mbele ya wageni wenu, nikirudishe changu mezani.

Mnisalimie Bwana Bruno, dereva, mlinzi, na yule maman aliyegawa mikate. Madeleine naye anawasalimu, ingawa hakusema hivyo.

Nabaki kuwa mshiriki wenu asiyenyamaza,

Ignace Nshokano

P.S. Nikiwa njiani kuleta barua hii nimeona tangazo lenu kwenye ukuta wa parokia: mnatafuta mkufunzi wa semina hii hii kwa watu wa Kalehe, mtu mzima mwenye sauti, na gari lipo. Madame, sauti ninayo. Najua maji ya Kalehe na ya kwetu ni ziwa moja, hilo halitanisumbua. Kuhusu namba tano, mtu akiwa na hasira huandika mengi, na mabati yenyewe, nikiyatazama vizuri, ni ya kupendeza. Naweza kuondoka Jumatatu. Tafadhali katibu wenu aanze kusoma hapa chini. Huko juu anaweza kuchana.